Ng'ombe Huitiwa Daktari Leo, Mbwa Huambiwa Kesho

Katika mashamba ya Njoro, Molo na Bahati, ng'ombe wa maziwa akiyaacha majani horini asubuhi, umande haujakauka simu imeshapigwa. Mhudumu wa mifugo hufika na pikipiki yake, kipimajoto huingizwa, tezi za shingoni hupapaswa, sindano hudungwa, na pesa hupatikana hata kama ni za kukopa kwa chama cha ushirika cha maziwa. Mbwa wa boma hilohilo akiususia ugali wake, huambiwa ana maringo. Atakula akishikwa na njaa. Kesho yake amelala chini ya ghala la mahindi na hataki kuinuka. Keshokutwa anatapika povu la manjano. Siku ya nne kijana wa nyumba anatumwa kutafuta gunia na jembe.

Ninaielewa hesabu hiyo. Ng'ombe ndiye anayelipa karo, na familia nyingi za huku zina pesa za mgonjwa mmoja tu kwa wakati mmoja. Lakini ng'ombe huyo halali salama bila mbwa, na maradhi yanayomwangusha mbwa aghalabu hayaishii kwake. Mengine humfikia mtoto anayecheza naye, mengine humrudia ng'ombe mwenyewe. Tena mengi ya maradhi hayo huzuilika kwa chanjo au hutibika yakiwahiwa. Mbwa wengi wa kwetu hufa kwa kungojwa, na swali linalofaa kuulizwa mapema ni hili: dalili ipi inaweza kusubiri hadi Jumatatu, na ipi haiwezi kusubiri hata chai ya saa kumi?

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ina mbwa wa kila namna. Milimani na Kiamunyi kuna Rottweiler na German Shepherd wanaolindwa na geti wanalolilinda. Kaptembwo na Rhonda kuna mbwa wa kienyeji wenye nyumba lakini wasio na mnyororo, wanaotoka asubuhi na kurudi jioni. Katika jaa la Gioto kuna wasio na mwenyewe kabisa. Ukienda Rongai, Subukia au Mau Narok, mbwa ni askari na mchungaji kwa pamoja. Wote hukanyaga udongo mmoja na kuumwa na kupe wale wale, kwa hiyo ugonjwa hauulizi kama mbwa alinunuliwa kwa maelfu ya shilingi au alizaliwa chini ya daraja.

Kabla ya kuujua ugonjwa, ujue uzima. Siku mbwa wako ni mzima, inua mdomo wake wa juu uangalie fizi. Za mbwa mwenye afya ni za waridi na zina unyevunyevu (mbwa wengine wana fizi nyeusi kwa asili, kwao tazama upande wa ndani wa kope la chini). Bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha achilia: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Kipimajoto kilekile cha kidijitali kinachouzwa katika maduka ya dawa, kikipakwa mafuta na kuingizwa taratibu sehemu ya haja kubwa, kitasoma nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Ikizidi 39.5 akiwa ametulia kivulini, ana homa. Ikifika 40, mpigie daktari simu. Mkulima anayempima ng'ombe wake kila anapomshuku anaujua utaratibu huu tayari, na tezi anazozipapasa kwa ng'ombe mbwa pia anazo, chini ya taya na mbele ya bega.

Kilebu anayeharisha damu

Ugonjwa unaozika vilebu wengi ni parvo. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1978 na katika muda wa miaka miwili hivi vilikuwa vimeenea duniani. Huanza kwa kilebu kunyong'onyea na kukataa maziwa au uji. Kisha hutapika, na baada ya saa chache huharisha kinyesi chepesi chenye damu na harufu kali ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau. Anayeshikwa zaidi ni wa kati ya wiki sita na miezi sita, na Rottweiler na Doberman huathirika vibaya kuliko wengine.

Hapa hakuna kusubiri. Utumbo umechubuka, maji yanatoka kwa njia mbili, na bakteria wa tumboni wanaingia kwenye damu. Daktari atamtundikia maji mshipani, atamchoma dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki za kuwazuia hao bakteria, na kumkinga na baridi. Vilebu wengi wanaofikishwa siku ya kwanza hupona. Wengi wanaoachiwa nyumbani na chumvi na sukari peke yake hufa ndani ya siku chache, kwa sababu kila unachomnywesha anakitapika. Kumshindilia chakula mdomoni kunamuumiza tu.

Baada ya maziko huja kosa la pili. Mwenye nyumba analeta kilebu mwingine mwezi unaofuata, anamlaza katika banda lilelile, naye anakufa vilevile. Majirani husema boma hilo halina bahati na mbwa. Virusi vya parvo huweza kukaa kwenye udongo na kwenye mbao za banda kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, wala sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji husafishwa kwanza hadi iishe uchafu, kisha hupigwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, na kuachwa dakika kumi. Udongo hauwezi kuoshwa hivyo. Ndiyo maana kilebu mpya wa boma lililowahi kuwa na parvo asiletwe kabla hajamaliza chanjo zake.

Na chanjo zenyewe, watu hukomea ya kwanza. Kilebu hupata kinga kutoka kwa maziwa ya mama, na kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu huiua chanjo kabla haijafundisha mwili kitu. Hakuna anayejua kwa kumtazama ni wiki gani kinga ya mama itaisha, kwa hiyo daktari huanza katika wiki ya sita hadi ya nane na kurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka kilebu atimize wiki 16. Aliyechanjwa mara moja akiwa na wiki sita anaweza kufa kwa parvo akiwa na miezi mitatu, na mwenyewe akaapa kuwa chanjo ni ulaghai. Chanjo ya parvo pia huharibika ikipoteza baridi. Kichupa kilichonunuliwa kwenye agroveti na kusafirishwa mfukoni kutoka mjini hadi Mogotio, kwenye joto la kule, huenda kikawa kimeshakufa kabla ya kuchomwa.

Sindano hiyohiyo huwa na kinga ya distempa, ambayo watu wa Bonde la Ufa wana sababu ya pekee ya kuiogopa. Mbwa hutokwa na matongo na kamasi nzito, hukohoa, nyayo zake huwa ngumu, kisha wengine huanza kutikisika misuli na kushikwa na kifafa. Mwaka 1994 virusi hivyo vilipita Serengeti na kufika Maasai Mara, na takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000, waliangamia. Mwaka 2017 vilifagia mbwa mwitu wa Laikipia, jirani zetu wa kaskazini. Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru ina simba, na kati yao na mbwa wa mitaa ya jiji kuna uzio tu.

Kupe tunaowajua kwa ng'ombe

Ajabu ni kwamba hakuna mkulima wa huku anayehitaji kufundishwa ubaya wa kupe. Anajua ndigana, anajua ng'ombe kukojoa mwekundu. Lakini mbwa akiwa na kupe masikioni na katikati ya vidole, huonekana kama mapambo yake ya kawaida.

Mbwa ana magonjwa yake mawili makubwa ya kupe. Wa kwanza, babesia, ni ndugu wa ule mkojo mwekundu wa ng'ombe, ingawa kimelea ni kingine na mbwa hakipati kutoka kwa ng'ombe. Kimelea hicho huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa hupanda homa, fizi hufifia hadi kuwa kama karatasi, halafu pengine hugeuka njano, na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiona fizi nyeupe, uko kwenye dharura. Mbwa wa aina hii anaweza kuwa anatembea asubuhi na kufa usiku, na mara nyingine huhitaji kuongezewa damu ya mbwa mwenzake.

Mwingine, erlikia, ni wa pole na ndio unaodanganya zaidi. Bakteria wake alielezwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, na katika vitabu vya zamani vya tiba ya mifugo ugonjwa huu uliwahi kuitwa kwa jina la Nairobi, kwa sababu ya mbwa waliokuwa wakitokwa na damu. Mbwa huwa na homa siku chache, hukonda kidogo, kisha huonekana amepona. Miezi inapita. Siku moja damu inatoka puani bila kupigwa, au madoa madogo mekundu yanatokea tumboni, kwa kuwa chembe za kugandisha damu zimekwisha mwilini. Wakati wa vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilipoteza mbwa wake kwa mamia kwa ugonjwa huu. Dawa yake ya kawaida ni doksisaiklini, dawa isiyo ngeni katika duka lolote la dawa, lakini hutumika kwa wiki nne hivi. Watu huiacha siku ya tano, mbwa akishaanza kula na kubweka, na ugonjwa hurudi ukiwa umekomaa.

Hapa nitasema neno kali kidogo kuhusu chupa za ng'ombe. Ile dawa ya sindano ya babesia na ndorobo iliyobaki baada ya kumtibu ng'ombe wa kilo 400 haifai kukisiwa kwa jicho kwa mbwa wa kilo 20. Katika baadhi ya dawa hizo, kwa mbwa, nafasi iliyopo kati ya kipimo kinachoponya na kile kinachoharibu ubongo ni finyu sana. Baadhi ya dawa za josho la ng'ombe zikimzidi mbwa humlegeza, mapigo ya moyo yakapungua na joto la mwili likashuka. Aivamektini ya ng'ombe, ambayo watu huitumia kutibu upele, humpofusha na kumpepesua mbwa akipewa nyingi, na jamii ya Collie na chotara wake huweza kuuawa na kiasi ambacho mbwa wengine huvumilia. Dawa za mbwa zipo, za kidonge, za kudondoshea shingoni na za ukosi. Na banda lipuliziwe pia, kwa sababu kupe wa kahawia wa mbwa hutaga mayai katika nyufa za ukuta. Ukisafisha mbwa ukaacha nyufa, umefanya nusu ya kazi.

Usitie mkono mdomoni

Nimelicheleweshea nafasi lile lililo zito kuliko yote. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kukitokomeza kifikapo 2030, na makadirio yaliyotumika wakati huo yalikuwa ya watu hadi 2,000 wanaokufa nchini kila mwaka. Ulimwenguni kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa, na sehemu kubwa ni ya watoto.

Picha tuliyo nayo ya mbwa mwenye kichaa ni ya mnyama anayekimbia njiani akitafuna kila kitu. Wapo wa hivyo. Lakini yupo pia yule mpole, anayejificha chini ya kitanda au nyuma ya choo, sauti yake imebadilika, taya limelegea, mate yanamchuruzika na anashindwa kumeza. Mwenye nyumba humwonea huruma. Husema mfupa umemkwama kooni. Humshika kichwa, hufungua mdomo, hupenyeza vidole kutafuta mfupa ambao haupo. Huko ndani kuna mate yaliyojaa virusi, na kwenye kidole chake kuna mchubuko wa jembe.

Ng'ombe naye huwa vivyo hivyo. Aliyeumwa na mbwa au mbweha wiki au miezi iliyopita, na kidonda kimekwisha kusahaulika, huanza kulia kwa sauti nzito isiyo yake, hujikamua kama anayetaka kunya, hudondosha mate. Mkulima wa Rongai au Gilgil hudhani amekabwa na kiazi au gunzi, na watu watatu wa familia moja huingiza mikono kooni kwa zamu. Mnyama yeyote asiyemeza na anayetokwa na mate, awe mbwa, ng'ombe, mbuzi au punda, asiguswe mdomo mpaka daktari wa mifugo amwone. Funga mlango, waondoe watoto, piga simu.

Mtu akiumwa, au akilambwa kwenye kidonda, kazi ya kwanza ni maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Dakika hizo ni ndefu mtoto anapolia, na bado ni za lazima. Pilipili, mafuta ya taa, udongo na majani yaliyotafunwa visiwekwe. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, ambayo hutolewa kwa awamu na inapasa kumalizwa. Aliyeumwa vibaya, hasa kichwani au mikononi, atahitaji pia dawa ya kinga inayochomwa pale penye jeraha. Mbwa anayejulikana na aliye mzima afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa hai na timamu siku ya kumi, hakuwa akitoa virusi alipouma, na daktari ataamua kuhusu dozi zilizobaki. Lakini siku hizo huhesabiwa chanjo ikiwa imeshaanza. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna daktari Nakuru wala London atakayemrudisha.

Na mbwa anayeshukiwa akiuawa na wananchi, asizikwe kimyakimya wala kutupwa mtoni. Kichaa ni ugonjwa wa kuripotiwa kisheria, na uthibitisho wake hupatikana kwenye ubongo. Tunayo maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo hapa Nakuru, na ile kuu iko Kabete. Ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo itajua namna ya kuchukua sampuli, na watu wote waliomgusa watajua kama wana haja ya kuogopa.

Kinga ya mbwa dhidi ya kichaa ni sindano moja kwa mwaka, kuanzia miezi mitatu. Ikichomwa kwa mbwa 70 kati ya kila 100 mahali, ugonjwa hukosa pa kupita. Jambo hili limeonyeshwa hapa hapa Afrika Mashariki, katika vijiji vinavyozunguka Serengeti, ambako kuchanja mbwa wa wafugaji kulipunguza idadi ya watu waliofika hospitalini wakiwa wameumwa na mbwa wanaoshukiwa. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kampeni za chanjo hupangwa karibu nayo. Lakini usiingojee ikiwa sasa ni Februari.

Matumbo, sumu na mengineyo

Mbwa wa mjini na wa shambani hulishwa mabaki ya kichinjio na bucha, na ni chakula kizuri kikipikwa. Kikiwa kibichi, hasa ini na mapafu yenye malengelenge ya maji, humpa mbwa mnyoo mdogo sana wa tegu. Mbwa mwenyewe haumwi. Mayai hutoka kwenye kinyesi, hushika manyoya, huingia kwenye mikono ya mtoto, na baada ya miaka mtu huota uvimbe wa maji kwenye ini au pafu unaohitaji upasuaji. Turkana iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na shirika la Amref liliendesha huko kwa miaka mingi kazi ya kupima watu, kuwapasua na kuwatibu mbwa. Jamii za wafugaji wa Narok na Kajiado pia zinaujua ugonjwa huu. Chemsha matumbo nusu saa au zaidi. Malengelenge yafukiwe shimo refu. Na ukinunua dawa ya minyoo ya mbwa, uliza kama ina prazikwanteli, kwa sababu zile zisizo nayo haziuwezi mnyoo huu.

Sumu inahesabiwa kwa dakika. Katika ukanda wenye mashamba ya maua, viazi na mahindi, kemikali za wadudu ziko kila stoo, na wezi nao hutega nyama kwenye ua. Mbwa anayetokwa na mate mengi ghafla, anayetetemeka, mboni zake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na anaharisha, huenda amekula dawa ya wadudu. Kuna dawa ya kuipinga sumu hiyo, atropini, na daktari anayo. Maziwa hayaiondoi, na mafuta au maji ya chumvi yakimwagwa kooni mwa mbwa anayetetemeka huingia mapafuni. Beba kifungashio cha sumu kama kimepatikana. Sumu ya panya ni tofauti: nyingi huzuia damu kuganda, na mbwa huonekana mzima siku tatu au nne kabla hajaanza kutokwa na damu. Ukijua ameila, nenda leo, akiwa bado anachezacheza. Vidonge vya maumivu vya watu, parasetamoli na ibuprofeni, viwekwe mbali. Kwa mbwa ni sumu pia.

Baringo na Mogotio kuna moma na swila. Aliyeumwa na nyoka abebwe, asitembezwe, wala jeraha lisichanjwe kwa wembe. Aliyetemewa macho asafishwe kwa maji mengi papo hapo, kisha apelekwe.

Jike asiyefungwa kizazi, wiki nne hadi nane baada ya kutoka jotoni, akianza kunywa maji kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, na pengine kutokwa na usaha nyuma, kizazi chake kimejaa usaha. Hilo ni la upasuaji, siku hiyohiyo. Jike anayezaa na akasukuma kwa nguvu nusu saa bila kilebu kutoka naye ni wa daktari. Na mbwa, dume au jike, anayedondosha matone ya damu sehemu za siri wiki baada ya wiki, huenda ana saratani ya kuambukizana kwa kupandana. Ni ugonjwa wa ajabu, kwa maana seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Wengi hupona kwa sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa, na kuwahasi mbwa wanaozurura huupunguza sana.

Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama Great Dane, German Shepherd na Boerboel, wana hatari yao: tumbo kujaa hewa na kujipinda. Hutokea aghalabu baada ya mlo mkubwa. Tumbo huwa gumu kama ngoma, mbwa hujaribu kutapika na hakuna kinachotoka, hatulii. Hapo hata saa kumi na mbili asubuhi ni mbali. Mwamshe daktari usiku.

Kuna yanayoweza kungoja, na ni haki kuyasema ili mtu asikimbie mjini kwa kila chafya. Mbwa mkubwa aliyetapika mara moja baada ya kula majani, lakini anakunywa na macho yake yamechangamka, mwangalie hadi kesho. Anayechechemea kidogo na bado anakanyaga, mpe siku mbili za kupumzika. Kujikuna, viroboto, harufu ya sikio, kucha ndefu, meno yenye uchafu: panga siku ndani ya wiki. Lakini mbwa mkubwa aliyekataa chakula siku nzima na ana homa au fizi zimefifia, au kilebu wa umri wowote aliyetapika zaidi ya mara moja, hoja ya kusubiri imekwisha.

Suala la fedha ni la kweli, na sitalipamba. Ila kuna njia moja inayopunguza mzigo: chanjo ya kichaa huuzwa pia katika vichupa vya dozi kumi, na nauli ya daktari ni ileile akichanja mbwa mmoja au thelathini. Mtaa wa Lanet au kijiji cha Kabazi kikikubaliana Jumamosi moja, kila nyumba ilete mbwa wake kanisani au penye mti wa baraza, gharama hugawanyika hadi kufikiwa na mama anayeuza mboga. Hakikisheni mnayemwita amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya 2011 inamtaka awe na usajili huo, na daktari wa kweli haoni haya kuonyesha karatasi yake. Kila mbwa apewe kadi ya chanjo, na kadi hiyo ikae pamoja na vyeti vya watoto.

Siku utakapopiga simu, uwe na majibu haya mkononi: umri wa mbwa na uzito wake kwa kukadiria, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, alikula lini mara ya mwisho, ametapika au kuharisha mara ngapi na rangi gani, mkojo una rangi gani, fizi zikoje, joto ni nyuzi ngapi, ameumwa na mbwa mwingine au kupe, na shambani kumepuliziwa nini wiki hii. Dakika mbili zinatosha kuyasema yote, na daktari ataweza kukuambia kama anawasha pikipiki sasa hivi, au kama ni wewe umbebe mbwa umlete mjini.